Inchi 18 au 22? Bumu langu limeishia kwenye dramu

Najua nimepotea hapa kama wiki tano hivi. Wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama nimedisko, hahaha. Hapana jamani, bado nipo. Nilikuwa nyumbani Babati kwa likizo, nimerudi chuo juzi usiku, mfuko mtupu. Leo nawaeleza kwa nini mfuko ni mtupu, maana rumeti wangu ameshachoka kula maharage na mimi bila maelezo.

Nina Bamkubwa wangu, kaka yake baba, anakaa Maisaka. Mzee ana miaka sabini na kitu. Ujana wake alikuwa mpiga drams wa bendi ya shirika moja la umma. Enzi zile mashirika mengi yalikuwa na bendi zao. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz 1971 chini ya Umoja wa Vijana wa TANU, Mlimani Park ilianza 1978, na baadaye ikawa DDC Mlimani Park chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo ni mali ya mwajiri. Ukiacha kazi unaondoka na mikono yako tu. Bamkubwa yeye alibahatika, kama hiyo ni bahati: shirika lao lilipokufa alikuwa anadai mishahara ya miezi kadhaa, akaambiwa chukua drams tumalizane. Akazipakia kwenye lori mpaka Babati.

Zikakaa stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Sneya, tomu mbili na matoazi alivitundika juu, vikapona. Dramu la besi lilikuwa kubwa, likakaa chini. Mchwa hawana adabu jamani. Siku mzee anakuja kuangalia, ubao wote umeliwa, vimebaki vyuma tu na pedali.

Mimi nimejifunza kupiga kwenye hizo zilizobaki tangu niko darasa la nne. Kila likizo nikienda, Bamkubwa anasema vilevile: "Mwanangu, drams bila besi ni mtu hana miguu." Nimelisikia hilo neno miaka kumi. Basi bumu lilipoingia nikaamua, safari hii namnunulia miguu. Na nikaamua iwe sapraizi, sitamuuliza kitu.

Hapo ndipo nilipokosea.

Nikaingia intaneti usiku mzima, nakesha kama vile kuna UE. Nikajifunza kwamba dramu la besi linapimwa kwa kipenyo, kwa inchi. Wamarekani wa bendi kubwa za miaka ya 1930 walitumia hata inchi 26 na 28. Baadaye jazz ikahamia kwenye vikundi vidogo na kumbi ndogo, dramu nalo likapungua mpaka 18. Tony Williams alipojiunga na Miles Davis mwaka 1963, akiwa na miaka 17, alikuwa anapiga inchi 18. Elvin Jones naye, aliyepiga na John Coltrane, 18. Kila mtaalamu anasema drams za zamani za jazz zikae na besi ya 18. Sasa Bamkubwa alipiga bendi ya jazz, drams zake ni za zamani, unataka ushahidi gani mwingine? Nikafunga mjadala.

Kuna jamaa Arusha anauza vyombo vya muziki vya mtumba. Nikamkuta na mawili. La inchi 22, limetoka kwenye seti ya kanisani, laki na themanini. La inchi 18, dogo, zuri, linang'aa, laki mbili na sitini. Akaniambia dada, haya madogo ni adimu ndiyo maana bei iko juu. Nikalipa. Nikapanda nalo basi, kondakta anataka aliweke chini na magunia, nikakataa. Nikalipakata mapajani kilomita zote 170 za Arusha mpaka Babati.

"Shikamoo Bamkubwa. Nimekuletea mzigo."

"Marahaba mwanangu. Mzigo gani tena na wewe ni mwanafunzi?"

Nikafungua kanga. Mzee akaliangalia. Akalizunguka. Akaligonga kwa kidole. Akakohoa kidogo, halafu akasema, "Katoto kazuri haka." Wadau, mimi namjua Bamkubwa. Kitu akikipenda haiti katoto.

Tukatoa drams zote uani tukafunga. Tatizo la kwanza: dramu likiwa dogo, nyundo ya pedali haipigi katikati ya ngozi, inapiga juu karibu na ukingo. Sauti ikatoka kavu, pa, pa. Mzee akainuka bila kusema neno, akaenda kuleta vipande viwili vya mbao, akaliinua. Hapo likaanza kutoa mlio wa maana. Akapiga dansi kama dakika tano, macho kayafumba. Majirani wakaanza kuchungulia juu ya ua. Halafu akasimama.

"Kanaongea," akasema. "Ila kanaongea Kizungu."

Nikacheka lakini moyoni nilisikia vibaya. Nikamuuliza, kwani nyie si mlikuwa jazz? Akanicheka hasa. Akaniambia jina la jazz kwetu lilikuwa maana yake bendi ya dansi, basi. Na kweli, Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, ikaja Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Walichokuwa wanapiga ni dansi, kwa sehemu kubwa rumba, kutoka kwenye santuri za Cuba zilizokuwa zinaingia Afrika. Ndicho watu walichotaka kucheza. Akasema, "Sisi tulipiga ukumbi wa wazi mpaka alfajiri. Maiki zilikuwa za waimbaji, drams hazikuwa na maiki. Maiki yangu ilikuwa mguu. Yule anayecheza kule mwisho karibu na geti lazima ausikie, asipousikia atachezaje?"

Jioni natoka kuchota maji, nikaona pete ya chuma imefunikia pipa, imeshikilia neti. Nimeiona pale maisha yangu yote! Nikachukua futi nikaipima. Kipenyo cha ndani sentimita 56 na kidogo. Inchi 22. Jibu lilikuwa uani kwa Bamkubwa, mimi nakesha kwenye simu.

Kinachoniuma zaidi, mimi nasomea ualimu wa Fizikia na Hesabu. Ngozi ileile na mvutano uleule, mlio unashuka kadiri kipenyo kinavyoongezeka. Gawanya 22 kwa 18 unapata 1.22, kwa hiyo la 18 linalia juu kwa kama asilimia 22. Na eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo la 22 lina karibu nusu nzima ya ziada, na hiyo ndiyo hewa inayosukumwa mpaka getini. Nimeshawafundisha watoto wa fomu two habari za eneo la duara wakati wa TP, nikifika dukani nasahau. Halafu usiku nikasoma tena nikakuta huyohuyo Tony Williams, miaka ya 1970 alipokuwa anapiga muziki wa makelele zaidi, alihamia inchi 24. Ukumbi na sauti za wenzako ndivyo vinavyochagua dramu. Jina la muziki halichagui.

Asubuhi nikamwambia Bamkubwa nalirudisha Arusha nibadilishe, na chenji inabaki. Akawa anakunywa chai, akanyamaza. Halafu akauliza:

"Hili ulikuja nalo kwa nini?"

"Kwa basi Bamkubwa. Nililipakata."

"Njia nzima?"

"Njia nzima."

Akaweka kikombe chini. "La 22 usingelipakata. Na mimi goti hili si la kusukuma 22 tena. Nitapiga wapi, kwenye ukumbi upi? Hili ni la kwako mwanangu. Zile nyingine zitalifuata. Lakini usizichukue sasa, niko hai bado."

Sikujua niseme nini. Nikaosha vikombe.

Siku zote zilizobaki alinikalisha kwenye kigoda nipige mguu peke yake, robo saa kila asubuhi, mikono nimeiweka magotini. Yeye anakwenda kusimama kule getini. Kama haisikii anapiga kelele, "Mwalimu, huku hatuchezi!" Nimeondoka Babati kigimbi kinauma na bado anasema husikiki vizuri.

Kwa hiyo wadau mnaotafuta drams: pima pete ya zamani kama ipo, fikiria utapigia wapi na utasafiri nazo vipi. Nyumbani na kumbi ndogo, 18 inatosha, ila andaa mbao za kuinulia. Kwenye uwanja bila maiki, 22. Ipo na 20 ya katikati, hata Ringo Starr wa Beatles alikuwa nayo 1963 kabla ya kwenda 22. Na kama unamnunulia mtu mzima, achana na sapraizi, muulize.

Dramu nimeliacha kwa Bamkubwa, juu ya meza, mbali na mchwa. Likizo ijayo ni baada ya UE. Mwenye mchele wa kukopesha mpaka bumu lijalo, chumba changu mnakijua.

Tuko pamoja.