Mashine Iliyonyamaza

Mgeni anayeshuka basi kati ya Katoro na Buseresere hawezi kujua amesimama upande gani. Maduka yameungana, na hakuna kibao cha mpaka kinachosaidia. Kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012, upande mmoja ulikuwa Mwanza na wa pili Kagera, na mtu aliweza kununua chumvi katika mkoa mmoja akaenda kuitia mchuzini katika mkoa mwingine bila kuchoka miguu. Siku hizi mkoa ni mmoja, ila wilaya ni mbili, Geita na Chato. Ukimwuliza mtu wa hapa anatoka wapi, jibu lake litategemea ni nani anayeuliza na anataka nini. Kwa hiyo huwa nacheka kimoyomoyo nikisoma vitabu vinavyosema kwamba kutambua prosesa ya kompyuta ni kazi nyepesi: iulize jina, nayo itajibu.

Nieleze kidogo, maana si kila msomaji amefungua mashine hizi. Kila mfumo wa kuendeshea kompyuta una sehemu ya ndani kabisa iitwayo kiini. Kiini ndicho kinachoamka kwanza, na kabla hakijaruhusu programu yoyote kufanya kazi hutaka kujua kinakalia prosesa ya namna gani. Mfumo wa Linux, ambao Linus Torvalds aliuanza mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, uliandikwa kwanza kwa prosesa ya 386. Za 486 nazo zilikuwapo, kisha mwaka 1993 ikaja Pentium. Kuzitenganisha, kiini hubisha hodi. Ndani ya prosesa kuna rejista ya bendera, yaani safu ya vijialama vya ndiyo na hapana. Kiini hujaribu kugeuza bendera ya 18. Ikigoma kugeuka, hiyo ni 386. Ikikubali, hujaribu ya 21. Hii nayo ikikubali, maana yake prosesa inajua kutaja jina, na huulizwa. Ikigoma, viini vya zamani vilikata shauri palepale: hii ni 486.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Asiyejibu alihesabiwa kuwa mzee.

Mwaka 2001 nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua hapa Buseresere, nikiendesha kompyuta mbili kwa jenereta. Chama kimoja cha kuweka na kukopa, chenye akina mama wauza dagaa na mchele pamoja na wachimbaji wadogo kadhaa, kilichanga fedha kwa miezi mingi ili kinunue kompyuta ya kutunzia daftari la mikopo. Walimtuma kijana wao Mwanza. Alivuka kwa kivuko cha Busisi, maana daraja lililofunguliwa mwaka 2025 halikuwa hata ndoto wakati ule, akarudi na mashine ya mtumba na risiti iliyoandikwa 166, daraja la Pentium. Nikawawekea Linux kwa sababu haikuwa na malipo. Mashine ilipowaka, skrini ikaandika 486.

Katika kamati alikuwamo mtu aliyejua maana ya namba ile. Bei ya 486 wakati huo haikufika hata nusu ya fedha aliyopewa kijana. Jioni ile ile neno likapita sokoni kwamba ameuza mashine njema njiani akaleta kuukuu, chenji akaila. Kijana alifungua kasha mbele yao akawaonyesha maandishi juu ya prosesa yenyewe. Hayakumsaidia. Mjuzi yule alisema, na hakusema uongo, kwamba walaghai wa kompyuta hufuta maandishi ya prosesa na kuchapa mengine. Kamati ikampa siku saba alipe au apelekwe polisi. Mweka hazina, mama wa makamo ambaye wote tulimwita Mayu, alinijia kibandani peke yake. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sijui hesabu za chuma hicho. Ila mtoto yule namjua. Kiulize tena."

Nilikuwa nimeyasoma yale maandishi: 6x86. Ilikuwa kazi ya kampuni ya Cyrix ya Texas, iliyotoka mwaka 1995. Prosesa hii ilikuwa na tabia ya ajabu. Uwezo wa kutaja jina ilikuwa nao, lakini ilitoka kiwandani uwezo huo ukiwa umefungwa. Bendera ya 21 haigeuki mpaka mtu aingie kwa mlango wa nyuma akaufungue. Bodi kuu ya kompyuta ile ilikuwa ya zamani kuliko prosesa, kwa hiyo haikujua kuufungua, na kiini nilichokuwa nacho kwenye diski nacho hakikujua. Basi mashine ilinyamaza, na ukimya wake ukawa ushahidi dhidi ya mtu.

Uzuri wa Linux ni kwamba maandishi ya kiini chenyewe yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha. Lakini huwezi kubisha mlango wa nyuma wa Cyrix kabla ya kuwa na hakika kwamba ni Cyrix, kwani kwenye mashine nyingine milango ile ile, namba 22 na 23 kwa hesabu ya kumi na sita, inaweza kuwa na kazi nyingine kabisa. Sasa utamjuaje asiyetaja jina? Wenye akili walikwisha kupata njia. Iambie igawe 5 kwa 2. Prosesa nyingine za kizazi kile zikimaliza hesabu hiyo huacha baadhi ya bendera zimebadilika. Ya Cyrix huziacha kama zilivyokuwa. Huulizi jina, unaitazama inavyofanya kazi.

Kwetu huku jambo hili si geni. Hakuna mnunuzi wa dhahabu anayeiuliza dhahabu jina. Huisugua juu ya jiwe jeusi, akadondosha tindikali ya naitriki juu ya mstari. Shaba huliwa, dhahabu hubaki. Au huipima ndani ya maji, maana dhahabu safi ni nzito mara 19 na zaidi kuliko maji, na shaba nyeupe haifiki hata 9. Msomi wa kompyuta angefaa kukaa wiki moja Katoro.

Nikaongeza mistari michache: gawa 5 kwa 2, bendera zikitulia, ingia mlango wa nyuma, ruhusu rejista ya nne ya usanidi ifikiwe, washa biti yake ya juu kabisa, funga ulipoingilia, kisha uliza jina upya. Kukigeuza kiini kizima kuwa lugha ya mashine kulichukua usiku na petroli nyingi. Baadaye niliona kwamba watunzi wa Linux nao walikwisha kuweka dawa hiyo hiyo katika matoleo yao mapya; huku habari zilikuwa zikifika kwa basi.

Siku ya tano kamati ilikuja kibandani. Skrini ikaandika herufi 12: CyrixInstead, yaani Cyrix badala yake, jibu lenye kiburi kidogo kwa wakubwa wa soko. Mjuzi akadaka jambo jingine: mwendo ulikuwa megahezi 133, si 166. Nikamweleza kwamba 166 ni cheo ambacho Cyrix waliipa prosesa hiyo kwa kuilinganisha na Pentium ya mwendo huo, na ndivyo ilivyouzwa dunia nzima. Alisoma maandishi ya juu ya prosesa mara mbili, akakubali.

Mayu alitaka jina lile liingie katika muhtasari wa kikao, akaliandika herufi moja moja huku nikimtajia. Mwenyekiti alimwomba kijana radhi mbele ya wote, naye akaipokea kwa adabu. Mwaka uliofuata walipotaka mashine ya kuchapia walimwomba tena aende Mwanza. Alisema hapana.