Homoni baada ya hedhi kukoma: tusiziogope bure, tusizimeze bure

Mimi ni fundi cherehani huku Singida, na fundi wa nguo za kike husikia mengi wakati wa kuchukua vipimo. Wateja wa miaka 48 au 50 huniambia, "Fundi, usiniwekee bitana, mwili unawaka moto." Usiku jasho, usingizi hakuna. Wengine hudhani ni malaria, kumbe hedhi inaelekea kukoma.

Dada yangu mkubwa yumo humo. Daktari alipomtajia tiba ya homoni, ndugu walimkataza: "Inaleta saratani!" Akabaki na mateso yake kimya.

Hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2002, utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 ulisitishwa kabla ya muda wake. Kwa kila wanawake 10,000 waliomeza estrojeni na projestini, kila mwaka waliongezeka 8 wenye saratani ya matiti na 8 wenye kiharusi. Damu kuganda nako kuliongezeka. Ila waliovunjika nyonga walipungua kwa 5. Tena wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Leo wataalamu wanasema mwanamke mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hedhi yake haijapita miaka 10 tangu ikome, mara nyingi faida kwake huzidi hatari. Joto na jasho hupungua, mifupa hulindwa.

Si dawa ya kila mtu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwa kawaida hapewi. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, maana inaweza kumletea saratani ya kizazi. Kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani. Gauni lililopimwa kwa mwenzako halitakukaa.

Nimemwambia dada arudi kwa daktari na historia ya afya yake yote, amuulize: mimi nafaa? Kwa kipimo gani? Nitapimwa tena lini?

Na wewe, ukiona damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, usiishie kuuliza hukumu ya swala. Nenda na hospitali pia. Mwili ni amana. Allah atupe afya na wepesi, amin.