Kompyuta Iliyozimika na Saini Niliyoitia



Jioni moja ya kiangazi, katika mtaa wetu hapa Rumonge, nilitia saini karatasi iliyomtaka mama mmoja muuza ndagala alipe faranga 80 000 kwa kosa la mwanawe. Kosa lenyewe lilihusu kompyuta. Nakusimulia habari hii kwa kuwa huenda kompyuta yako nayo inazimika, na huenda nawe umekwisha kushika kalamu.

Kompyuta mpakato hiyo tuliinunua kwa mchango wa familia kadhaa, ili watoto wajifunze kuandika na kutafuta maarifa. Siku za Jumamosi tuliwaruhusu kucheza mchezo wa mpira. Mwezi wa Julai ikaanza kuzimika katikati ya mchezo bila onyo wala maandishi yoyote. Kioo kilikuwa cheusi ghafla. Baada ya robo saa iliwaka tena kana kwamba hapakutokea lolote. Mchezo huo ulikuwa umeletwa kwa flashi na kijana aliyerejea na mama yake kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Unayajua mambo ya kwetu: tangu 1972 watu wa mwambao huu wamekimbia na kurudi, na mara nyingi anayerudi humkuta mwingine katika shamba lake la michikichi. Basi neno "kirusi" lilipotamkwa mkutanoni, halikudaiwa ushahidi. Kijana alisema, "Mwalimu, naapa, mimi nimeleta mchezo tu." Nikamwambia asubiri zamu yake. Zamu yake haikufika, kwani mkutano ulifungwa kwa swala ya magharibi.

Usiku ule swali moja lilinikosesha usingizi, swali ambalo nilipaswa kuliuliza mchana: mbona haizimiki tunapoandika barua?

Kesho yake nilianza upya. Umeme ndio mshukiwa wa kwanza katika mji wetu, lakini taa ya chumbani ilikuwa ikiwaka kila kompyuta ilipozimika, na betri ilikuwa nzima. Nikaichunguza kwa programu ya kusaka virusi; haikuonyesha kitu. (Si kwamba virusi havina hatia kamwe: viko vinavyoifanyisha prosesa kazi kwa siri hadi ipate moto. Hapa havikuwapo.) Kisha nikachukua daftari na saa. Kompyuta ikiwekwa juu ya godoro, mchezo ulidumu dakika 9. Juu ya meza ya mbao, dakika 17. Juu ya meza, sehemu ya nyuma ikiwa imeinuliwa kwa vipande viwili vya ubao, dakika 26. Mchezo ni uleule, flashi ni ileile. Kirusi gani hicho kinachoogopa ubao?

Jibu lilikuwa joto. Mchezo huifanyisha prosesa na chipu ya picha kazi kubwa kwa mfululizo, tofauti na barua. Nyingi ya chipu hizo zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na ndiyo maana wachezaji wetu wa mpira walianza kukwamakwama kabla ya giza kuingia. Joto likizidi kiwango kilichowekwa na kiwanda, mashine hukata umeme yenyewe ili isiungue. Niliweka programu ya kupimia joto nikaona namba ikipanda hadi 98, kisha kioo kikazimika mbele ya macho yangu.

Fundi mmoja karibu na soko aliifungua, akatoa betri kwanza. Kati ya feni na mapezi membamba ya shaba palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi. Chumba chetu kiko nyuma ya kinu cha mawese, vile tunavyoviita rafadja, na dirisha huwa wazi kwa sababu ya joto. Vumbi la barabara, moshi wa kuni na ukungu wa mafuta vilikuwa vimegandamana humo mwaka mzima. Kupuliza tu hakukutosha. Alisugua kwa brashi laini, huku akiishikilia feni kwa kidole isizunguke hovyo ikaharibika. Dawa nzito ya kijivu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye shaba ilikuwa imekauka kama udongo. Akaifuta kwa spiriti na kupaka mpya, tone dogo. Malipo yalikuwa faranga 15 000.

Nasi tukapunguza tamaa: picha za mchezo zimewekewa kikomo cha 30 kwa sekunde, na katika mipangilio ya umeme tumeizuia prosesa isipande hadi kasi yake ya juu kabisa. Godoro ni marufuku. Sasa mchezo hudumu saa mbili, na joto halipiti 80. Ukiona betri ya kompyuta yako imevimba, usifuate lolote kati ya haya. Izime uipeleke kwa fundi.

Katika mkutano uliofuata nilisoma namba za daftari langu kwa sauti. Mzee mmoja alisema flashi za wageni bado ni hatari, na wawili wakaitikia kwa vichwa, sikuweza kuwabadilisha. Niliomba karatasi niliyotia saini ichanwe. Katibu akakataa, na alikuwa na haki: kumbukumbu za mkutano hazichanwi. Tuliandika chini yake kwamba uamuzi ulikuwa wa makosa, kwamba mshtakiwa hakusikilizwa, nikatia saini ya pili.

Mama alikuwa amekwisha kulipa faranga 20 000. Nilimpelekea ufukweni, alikokuwa akigeuza ndagala juani. Alizihesabu, akazifunga katika pindo la kitenge, akasema, "Haya, Mwalimu," akarudi kwenye ndagala zake.

Kijana hajaja kucheza tangu siku ile. Flashi yake ninayo katika droo ya meza yangu.