Tumuulize Mtoto Kabla ya Kumkemea



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, leo tunasimulia jambo lililotufunza sisi wenyewe tunaofundisha madrasa hapa Gisenyi.

Mwaka 2021 tulikuwa na mwanafunzi hodari wa kuhifadhi. Mara akaanza kurudi nyuma. Sura aliyoisoma vizuri wiki iliyopita ilimpotea, na shuleni nako alama zake zikashuka. Tukamwita mvivu mbele ya wenzake. Akainamisha kichwa, hakujibu kitu. Allah atusamehe.

Mwezi wa sita tulikwenda kwao. Mama yake alikuwa mchuuzi wa nyanya na vitunguu, akivuka Petite Barrière kila asubuhi kwenda kuuza Goma. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, biashara yake ilikufa, na watoto wakawa wanakula mara moja tu kwa siku. Kisha tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ukalipuka, yakafuata matetemeko yaliyopasua kuta za nyumba nyingi mjini kwetu. Mtoto yule alikuwa akilala nje na wadogo zake, akishtuka kila ardhi ilipotikisika.

Je, mtoto mwenye njaa, hofu na usingizi atashika vipi somo? Uvivu ulikuwa wetu, tulioshindwa kumuuliza.

Tunasoma kwamba Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) miaka kumi tangu utotoni, wala hakusikia kwake hata neno la kuguna. Sisi tulishindwa kusubiri wiki chache.

Wazazi wenzetu, mambo yakiharibika nyumbani, mwambieni mwalimu. Hiyo si aibu. Ugomvi wa kodi na madeni msiufanye mbele ya watoto, maana wanaubeba mpaka darasani. Walimu wenzetu, tumwite mtoto pembeni, tumuulize kwa upole kama amekula na kama amelala. Nanyi wanafunzi, msifiche shida zenu.

Tangu siku ile tulianza kuwapa watoto uji kabla ya somo, kwa michango ya majirani. Mpaka ulifunguliwa Machi 2022, na mama akarudi sokoni. Kijana hakuwa tena wa kwanza darasani, lakini alirudi kusoma kwa sauti, na sisi tukajifunza kumsikiliza.

Wabillahi tawfiq.