Mbona Sauti Inakatika?

Siku hizi makompani mengi ya miji yetu yameacha telefoni za zamani zenye waya wa shaba. Sauti inapita sasa katika intaneti, pamoja na barua, picha na hesabu. Wakubwa wanapenda jambo hili kwa sababu linapunguza garama. Tena wanaweza kukutana na wenzao wa mbali na kuonana uso kwa uso katika kioo cha kompyuta, pasipo kupanda ndege. Ni vizuri. Lakini siku sauti inapoanza kukatika, ugomvi unaingia katika biro. Kila mtu anatafuta wa kumlaumu, na kwa kawaida wanamwona upesi: ni yule aliye mdogo kuliko wote.

Mimi ni fundi wa mambo hayo hapa Lubumbashi. Ningependa kuwaeleza wasomaji namna sauti inavyosafiri, kusudi wajue kumwuliza fundi maneno ya maana kabla ya kutoa feza zao.

Mtu akisema katika telefoni ya namna hii, mashini haipeleki sauti yake kama maji katika bomba. Inaikata vipande vipande. Kwa kawaida kila sekunde moja inatoa vifurushi 50. Kila kimoja kimebeba sauti ya milisekunde 20, na juu yake pameandikwa anwani ya pale kinapokwenda. Vifurushi hivi vinasafiri kila kimoja peke yake, kama wapagazi waliopewa mizigo midogo. Wengine wanafika upesi, wengine wanakawia njiani, wengine wanapotea kabisa. Kipande cha barua kikipotea, mashini inakiomba tena mpaka kifike. Kipande cha sauti hakiombwi tena. Ingefaa nini kulipata neno la «ndiyo» wakati wenzako wamekwisha kufika kwenye jambo lingine? Kifurushi kilichochelewa kinatupwa tu.

Ndiyo maana mtu anaweza kusoma barua zake zote vizuri, akaangalia na filamu, huku telefoni yake inakwaruza. Direkteri mmoja aliniambia kwa hasira: «Intaneti ni nzima, filamu inapita!» Kweli, filamu ilipita. Lakini filamu ina akiba yake: mashini inakusanya sekunde nyingi za mbele kabla ya kukuonyesha. Mazungumzo hayana akiba. Nani anaweza kukusanya maneno ambayo mwenzake hajayasema?

Tena kuna urefu wa njia. Shirika la mataifa linaloshugulikia telefoni, ITU, limeshauri kwamba ni vizuri sauti isizidi milisekunde 150 toka mdomo hata sikio. Sateliti za mtindo wa zamani zinakaa juu yapata kilometa 36.000. Sauti kupanda huko na kushuka kunachukua karibu robo ya sekunde, na jibu likirudi, robo nyingine. Hapo watu wanaanza kusema pamoja, kisha wananyamaza pamoja, kila mmoja akimgojea mwenzake. Wanazani wamekosana adabu. Sivyo, ni umbali. Hakuna fundi awezaye kuufupisha, ila kubadili njia: kutumia nyuzi za kioo zilizozikwa udongoni, au sateliti mpya zinazoruka chini zaidi, yapata kilometa 550.

Sasa nieleze habari ya mama mmoja. Alikuwa akipokea telefoni katika kompani ya transiti, sitaitaja jina, inayofuata makamioni ya shaba toka migodi yetu mpaka bandari ya Dar es Salaam. Wateja wa Kolwezi na wa Dar es Salaam walianza kulalamika: mama yule anatufungia simu katikati ya maneno. Walipiga mara ya pili, wakakatwa tena. Kamioni moja ilikaa siku mbili kwenye mpaka wa Kasumbalesa, kwa sababu dereva alitaka kuuliza habari ya karatasi iliyokosekana na hakuweza kumaliza swali lake. Mama akapewa barua ya onyo. Barua ya pili ingemtoa kazini. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, wawili katika masomo ya sekondari.

Hawakuniita kwa ajili yake. Waliniita kusudi niwaambie bei ya mashini mpya ya telefoni.

Nilikwenda kwanza mezani pake, nikamwuliza: «Mama, simu inakatika namna gani?» Akajibu: «Papa fundi, mimi siigusi. Inakufa yenyewe.» Kisha akatoa daftari katika kisanduku cha meza. Tangu siku ya barua ile alikuwa akiandika kila simu: saa, jina la mteja, nani aliyempigia mwenzake, na muda kwa saa yake ya mkononi. Nilisoma kurasa tatu. Nusu dakika na kidogo. Nusu dakika na kidogo. Nusu dakika na kidogo. Simu walizopiga wateja zilikufa zote kwa muda ule ule. Simu alizopiga yeye mwenyewe hazikufa. Zilidumu dakika kumi, hata kumi na tano.

Njia mbaya haikati simu namna hii. Njia mbaya inakata leo katika dakika ya kwanza, kesho katika dakika ya saba, na kabla ya kukata inakwaruza. Kitu kinachokata sawasawa kama kengele ya shule kinafuata kanuni.

Kanuni yenyewe ni hii. Simu ikiingia na mtu akiinua, mashini ya biro inaupelekea upande wa pili jibu: «Nimepokea, na anwani yangu ni hii.» Upande wa pili sherti urudishe neno la kusibitisha: «Nimesikia kwamba umepokea.» Neno lile lisipofika, mashini inarudia jibu lake tena na tena, na baada ya sekunde 32 inakata tamaa na kufunga simu. Hesabu hii si ya kubahatisha. Imo katika kanuni za SIP zilizotolewa mwaka 2002: nusu sekunde mara 64.

Basi neno la kusibitisha lilipotelea wapi? Nilifungua mashini nikatazama anwani iliyoandikwa ndani. Ilikuwa anwani ya zamani! Miezi miwili iliyotangulia kompani ilikuwa imewaacha wauzaji wake wa intaneti na kuchukua wengine. Anwani yake ya nje ikabadilika, lakini hakuna aliyeiambia mashini ya telefoni. Ni kama mtu aliyehama nyumba, na bado anaandika jina la mtaa wa zamani juu ya barua zake.

Msomaji atauliza: kama ni hivyo, mbona sauti ilipita kwa muda ule wa nusu dakika? Ni swali zuri, na ndilo lililowadanganya wote. Mashini ya wale wanaopitisha simu za kompani ina akili kidogo upande wa sauti. Inatazama vifurushi vinatoka wapi kwa kweli, na kurudisha sauti pale pale, haijali anwani iliyoandikwa. Lakini kwa neno la kusibitisha ilifuata maandiko. Kwa hiyo watu wawili walisikilizana vizuri kabisa, pasipo kelele yoyote, kisha gafula kimya. Nani asingezani kwamba mama amefunga?

Nilitaka ushuhuda wa pili kabla ya kugusa chochote. Nilimwomba mama ampigie mteja mmoja, kisha mteja afunge wa kwanza. Alifunga, kwetu taa ilibaki inawaka, mashini ikizani mtu bado yupo. Neno la kuaga nalo lilikwenda kwenye nyumba ya zamani. Hapo sikuwa na shaka tena. Nilibadili anwani, kazi ya dakika tatu. Simu ya kwanza iliyoingia ilidumu dakika kumi na mbili. Ilitoka kwa bwana mmoja wa Kolwezi aliyekuwa na mengi ya kusema.

Barua ya onyo ilitolewa katika faili ya mama. Neno la pole sikulisikia. Labda walisemezana nilipokwisha kwenda. Mashini mpya haikununuliwa.

Kwangu mimi daftari lile lilikuwa chombo bora kuliko vyote nilivyobeba siku ile. Mafundi wengi vijana wanafika na kupima mara moja mwendo wa intaneti, kisha wanasema: «Ni ndogo, nunueni kubwa zaidi.» Wauzaji wanafurahi. Lakini simu moja haiombi hata kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Kupanua barabara hakumsaidii mtu aliyeandika anwani isiyo yake.

Ukubwa wa njia una maana zaidi katika mikutano ya picha, na hasa njia ya kutoka. Intaneti nyingi zinazouzwa zina mlango mpana wa kuingia na mlango mwembamba wa kutoka. Biro nyingine ilikuwa na mkutano kila siku ya kwanza ya juma, saa mbili ya asubuhi. Wao waliwaona wenzao wa mbali vizuri. Wenzao waliona sura zilizoganda, vinywa wazi. Kumbe kompyuta ya hesabu ilipangwa kupeleka nje nakala za juma zima saa ile ile! Tuliisogeza usiku wa manane, na sura zikaanza kutembea. Tena msisahau kwamba saa ya Lubumbashi iko nyuma ya saa ya Dar es Salaam kwa saa moja, na mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Nimeitwa mara mbili kuponya mkutano usio na ugonjwa. Watu walikuwa wakingojana katika saa mbalimbali.

Juu ya mwangwi niseme neno moja, kwa sababu wengi wanakosea hapa. Ukisikia sauti yako mwenyewe inakurudia, usivue waya wako wala usibadili mikrofoni yako. Ugonjwa uko kwa mwenzako. Sauti yako imetoka katika kipaza sauti chake, imepiga ukuta, imeingia katika mikrofoni yake, na sasa inarudi kwako. Yeye hasikii neno, naye atakuambia kwa moyo mweupe kwamba kwake mambo ni sawa. Mwombe apunguze sauti, au avae vyombo vya masikioni. Vyumba vya mikutano vyenye sakafu ya vigae na kuta tupu ni vibaya kuliko vyote. Pazia nzito linasaidia kuliko mashini ya bei gali.

Kuna siku fundi hana la kufanya. Katika Agosti 2023 maporomoko ya matope yalishuka katika bonde kubwa lililo chini ya bahari, mbele ya mlango wa mto Kongo, yakakata kable mbili zinazoshuka kando ya Afrika upande wa magaribi, WACS na SAT-3. WACS ndiyo inayopanda nchi kavu kwetu huko Muanda. Meli ya kutengeneza ilipaswa kusafiri mpaka pale, kuzitafuta ncha zilizokatika chini ya maji na kuziunga, na kazi ile ilichukua majuma. Siku kama zile, vifurushi vyote vinasongamana katika njia chache zilizobaki. Ninawaambia wateja wangu wafunge kamera zote na kubaki na sauti tupu, mtu mmoja akisema na wengine wakizima mikrofoni zao. Picha ya mtu mmoja inakula nafasi ya simu kumi na zaidi.

Wakubwa hawapendi kufunga kamera, wanataka kuwaona watu wao. Lakini orodha ya makamioni inasomwa vizuri kwa sauti.