Mvi Hazipakwi Rangi

Kwenye rangi za maji, nyeupe kwa kawaida haipakwi. Unaiacha karatasi yenyewe ing'ae. Unaanza na rangi nyepesi, inakauka, ndipo unaweka nzito. Ukiharakisha, zinavujiana. Na baridi ya Nyeri ya mwezi wa Julai haikauki kitu.

Kuchora nyuso hivi si jambo geni Kenya. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimlipa Joy Adamson achore watu wa nchi hii. Kitabu chake cha 1967 kimewapanga kwa makabila, na michoro mingi ikabaki Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mimi hulipwa kwa kazi iliyo kinyume: mgeni wa harusi anakaa dakika kumi, kisha anaenda na uso wake nyumbani.

Kwa harusi moja Gakindu, vijana walipanga foleni, simu mkononi. Kina mama waliokuwa wakimenya viazi nyuma ya hema hawakuja. Nikabeba kiti changu nikawafuata.

"Ni pesa ngapi?" cucu mmoja akauliza.

"Ni bure, cucu."

Akafuta mikono kwa leso, akavua kitambaa cha kichwa. "Basi usinifanye msichana. Picha niliyo nayo ni ya kitambulisho tu."

Mvi zake nikaziacha karatasi tupu. Chini nikaandika jina lake, vile alivyonitajia, herufi kwa herufi. Akaishika kwa ncha za vidole mpaka ikauke. Viazi vikangoja.