Kushuka Ngazi kwa Hiari

Juma lililopita mjomba wangu alinipigia simu kutoka Mombasa kwa sauti ya tanzia, hata nikadhani pana msiba Kibokoni, kumbe alichotaka kujua ni kosa gani alilolitenda binti wa dada yangu hata akaachishwa kazi. Nilimjibu kwamba hakuachishwa. Ameondoka mwenyewe, kwa radhi ya wakubwa wake, na wakubwa hao wamemfanyia karamu. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama karamu ile ilikuwa ya kumpoza.

Tangu siku ile nina ghadhabu, wala si juu ya mzee wangu, ambaye umri wake unamsamehe, ila juu yetu sote tuliolelewa kuamini kuwa ngazi hupandwa tu, na kwamba ashukaye hapana budi amesukumwa.

Mpwa wangu huyu ni wakili katika ofisi moja kubwa mjini Philadelphia, na kuanzia Septemba atakaa mwaka mmoja chini ya jaji wa Mahakama ya Shirikisho, amsomee majalada, amchimbulie sheria, amwandikie muhtasari wa shauri kabla halijasikizwa, na baadaye amtayarishie rasimu ya hukumu, ambayo jaji ataikatakata kwa kalamu mpaka mwandishi wake asiitambue. Na kwa kazi hiyo atapewa mshahara usiofikia nusu ya ule anaouacha, kwani katika ofisi kubwa za huku wakili wa mwaka wa kwanza huanza na dola 225,000.

Desturi yenyewe ni kongwe. Jaji Horace Gray alipoingia Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1882 alikuwa na msaidizi, kijana mhitimu wa Harvard, aliyemlipa kutoka mfukoni mwake, na mwaka 1886 Bunge likakubali kuzigharimia kazi za namna hiyo. Mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu: mwaka 1960 Jaji Felix Frankfurter alikataa kumchukua Ruth Bader Ginsburg kwa kuwa ni mwanamke, na mwaka 1993 Ginsburg akaingia mahakama ile ile akiwa jaji. Lakini kisa nikipendacho zaidi, na ndicho nilichomhadithia mjomba bila ya faida, ni cha Ketanji Brown Jackson, ambaye baada ya kuwatumikia majaji wawili aliingia ofisi ya mawakili mjini Washington, akakaa kiasi cha mwaka, kisha akaiacha akaenda kumtumikia Jaji Stephen Breyer mwaka 1999. Na Breyer alipostaafu mwaka 2022, aliyerithi kiti chake ni yeye.

Msidhani ni jambo jepesi kwa mtu aliyekwisha kuanza kazi. Jaji hutaka barua tatu za kumsifu mwombaji, na walimu wa chuo wamekwisha kusahau sura yake; hutaka maandishi aliyoyaandika mwenyewe, na maandishi yote mazuri ya wakili ni siri ya mteja, hata binti huyu ilimbidi aombe idhini na kuyafuta majina yote, waraka ukabaki na madoa meusi. Majaji wengine huchagua wasaidizi mwaka mzima au zaidi kabla ya wakati, kwa hiyo mwombaji huishi na siri yake kazini, akiwaza siku gani awaambie wakubwa. Na akishaingia mahakamani, shauri lolote la ofisi aliyotoka hufungiwa asiliguse, wala asilitolee rai hata mezani. Fauka ya hayo, katika bara la Marekani mahakama za shirikisho humlipa raia, na wachache wengineo kama mwenye kibali cha kudumu anayeutafuta uraia, ndipo vijana wetu wengi waliokuja kwa viza ya masomo wakaishia kubisha hodi katika mahakama za majimbo.

Lililonistaajabisha ni wakubwa wake. Kiti chake kitamngoja. Mwaka wa mahakamani utahesabiwa katika daraja lake. Na akirudi atapewa bahashishi ya makumi ya maelfu ya dola. Watokao Mahakama ya Juu hupata zaidi ya 400,000, kiasi ambacho sikuthubutu kumtajia mjomba, asije akaniomba nimtafutie jaji na yeye. Ukarimu huu una hesabu ndani yake, nakubali, kwani ofisi hununua mtu aliyekaa upande wa pili wa meza akaona jinsi jaji anavyousoma waraka wa wakili: wapi anasita, wapi anachoka, wapi anautupa.

Kwetu Mombasa, kijana hutumikia miezi 6 chini ya wakili mkongwe, na miezi hiyo aghalabu huipitisha masjala, ambako faili haionekani, njoo kesho. Akishaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na kutundika kibao chake Nkrumah Road, basi, ameaga uanafunzi milele. Majaji wa Kenya sasa wana watafiti wao wa sheria, na hilo ni jema. Lakini sijamsikia wakili aliyefunga ofisi yake akaenda kuwa mmoja wao, na lau angalikuwapo, mama yake angalifanyiwa dua.

Na ajabu ni kwamba pwani yetu iliijua adabu hii zamani. Sayyid Ahmad bin Sumayt alikuwa kadhi Unguja, akauacha ukadhi katika miaka ya 1880, akasafiri mpaka Istanbul na Misri akikaa mbele ya maulamaa kama mwanafunzi, kisha akarejea akawa kadhi tena na mwalimu wa masheikh wa pwani nzima. Wapo wasemao kwamba kutoelewana na Sultani Barghash kulikuwa na mkono katika safari ile. Yawe hayo, Barghash aliweza kumfukuza mtu mjini, hakuweza kumlazimisha kusoma.

Nani atalipa kodi ya nyumba mwaka huo mzima? Swali hilo ni la haki, na jibu la Philadelphia halitoshi kwa Mombasa, ambako ofisi nyingi zina mawakili wawili na deni la mwenye jengo. Hata hivyo, bwana mkubwa atakayeniambia kwamba hawezi kuiazima mahakama kijana wake kwa mwaka mmoja, namsihi kwanza anieleze ni mashauri mangapi ameyapoteza kwa kuandika kurasa 60 ambazo jaji aliziacha katika ukurasa wa tatu.